Filamu za Mizuka na Bibi Mwenye Macho Mekundu

Baada ya kumhimidi Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ijumaa ya leo tunapenda tuzungumzie jambo lililokwisha kuingia sebuleni mwetu bila kubisha hodi, nalo ni filamu za kutisha.

Tuanze mbali kidogo. Indonesia ni miongoni mwa nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani, na watu wake ni wapenzi wakubwa wa filamu za mizuka. Mwaka 2022 filamu moja ya namna hiyo, KKN di Desa Penari, ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 9 katika kumbi za sinema. Mizuka hiyo haikubuniwa na watengeneza filamu. Kuntilanak, mwanamke aliyefariki na mimba yake, na pocong, maiti anayeruka ndani ya sanda ambayo vifundo vyake havikufunguliwa, ni visa walivyosimuliwa watoto wa huko na bibi zao kabla ya kamera kufika. Sanda yenyewe ni hii hii tunayozikiana sisi.

Katika filamu zao za zamani, mambo yakishashindikana hutokea kiyai, yaani mwanachuoni wa kijiji, akasoma, na shetani akaungua. Ndivyo ilivyomalizika Pengabdi Setan ya mwaka 1980. Ilipotengenezwa upya mwaka 2017 na Joko Anwar, ustadhi aliyemo hakufua dafu, naye aliuawa. Wapo waliokasirika. Sisi tunaona kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa na kasoro, kwa kuwa iliifanya dini kuwa kama bunduki ya kutolewa kabatini dakika ya mwisho.

Kwetu Tanzania mambo hayakuwa tofauti sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu zetu zikiuzwa kwa kanda za video, Mussa Banzi alitoa Nsyuka, jina litokanalo na neno la Kinyakyusa la mfu aliyefufuka. Baadaye akatoa Shumileta, kisa cha jini wa kike na mwanamume wa mjini. Mtu wa pwani hakuhitaji kufafanuliwa. Tangu Mombasa mpaka Dar es Salaam watu wamehadithiana juu ya mwanamke mzuri aliyejifunika vyema, anayepewa lifti usiku, na akishuka garini huonekana ana miguu ya punda.

Na sisi wa bara tusijione tumo nje. Hapa Natta wazee husimulia kwamba wazazi wao wa kwanza walikuwa Nyamunywa, mwindaji, na Nyasigonko, mkulima. Wana pia erisambwa, mahali panapoaminiwa kuwa pa mizimu ya nchi, ambapo miti haikatwi ovyo. Kiitikadi hatukubaliani na kuitegemea mizimu, na hilo hatulifichi. Lakini tukiri kwamba hofu ile ilikuwa na kazi: ililinda miti. Tena ilisimuliwa na mtu mzima aliyekaa na mtoto mbele ya moto, na mtoto alipoanza kutetemeka msimulizi alimwona, akapunguza. Simu iliyo mkononi mwa mtoto chini ya shuka haimwoni.

Wapo watakaouliza: je, majini si kweli? Ni kweli, nasi tunaamini kuwepo kwao, na katika Qur'an imo sura nzima yenye jina lao. Lakini imani hiyo ina mipaka yake. Waarabu wa zama za ujahiliya walimwogopa ghuli, kiumbe wa jangwani aliyedhaniwa kujigeuza umbo na kupoteza wasafiri. Katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahih Muslim, Mtume (S.A.W.) alisema kuwa hakuna ghuli. Baadhi ya wanachuoni wakafahamu kuwa kiumbe huyo hayupo kabisa. Wengine wakasema kilichokanushwa ni ule uwezo aliodhaniwa kuwa nao wa kupoteza watu. Kwa kauli zote mbili msafiri aliondolewa hofu. La kushangaza ni kuwa jina la ghuli lilivuka bahari, likaingia katika lugha za Ulaya, na leo limo katika sinema zao.

Kwa hiyo ugomvi wetu si na jini wa kwenye filamu. Ugomvi wetu ni na mganga. Filamu nyingi za aina hii zina tukio hili: familia imepatwa na msiba, wanakwenda kupiga ramli, mganga anatazama katika maji au kioo, na sura inayojitokeza ni ya shangazi, mke mwenza au bibi mzee. Kisha kisa kinaendelea na kuthibitisha kwamba mganga alisema kweli. Hapo ndipo hadithi inapogeuka kuwa ushahidi.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua ushahidi wa namna hiyo unaishia wapi. Vikongwe wameuawa kwa mapanga katika kanda hii kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamefanywa mekundu na moshi wa kuni na samadi, walipokuwa wakiwapikia hao hao wanaowashuku. Ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa, hasa kuanzia mwaka 2007, mpaka Januari 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku waganga wa ramli. Zanzibar nako, mwaka 1995, hofu ya Popobawa iliwatoa watu majumbani wakalala nje kwa makundi, na mtu mmasikini wa akili akauawa kwa kudhaniwa ndiye. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Onyo hilo lilimkinga pia yule bibi.

Hatusemi filamu hizi zichomwe. Mwaka 2024 huko Indonesia ilitangazwa filamu iliyoitwa Kiblat, na bango lake likamwonesha mwanamke aliyevaa vazi la swala amepindwa kinyumenyume. Baraza la Maulamaa likalalamika, watengenezaji wakasikia, na filamu ikatoka mwaka ule ule kwa jina la Thaghut. Hakuna aliyerusha jiwe. Sisi tunayo Bodi ya Filamu, na barua inaandikika. Maulamaa wa Indonesia waliitetea swala. Barua yetu tungependa ianze na tukio la mganga na kioo chake, na iandikwe na mzazi aliyekwisha kuitazama filamu yenyewe hadi mwisho, akiwa pamoja na wanawe, na mama yake mzazi akiwa amekaa nao mkekani.

Wabillahi tawfiiq.