Kafara si Ndagu

Kiswahili kina maneno mengi ya kuondoa madhara: dawa, tiba, kinga, zindiko, kafara. Huku kwetu Shinyanga na Geita tunayachanganya, na mchanganyiko huo umegharimu roho za watu.

Kafara katika dini yetu ni kufuta kosa. Aliyevunja kiapo hulisha maskini 10 au huwavisha. Asiyeweza hufunga siku 3. Lakini machimboni wapo walioigeuza kafara kuwa jina la pili la ndagu, yaani kumwaga damu ili dhahabu itoke. Kuanzia mwaka 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa, kwani waganga waliviita viungo vyao dawa. Vikongwe nao waliuawa kwa macho mekundu, ilhali wekundu ule huletwa na moshi wa jikoni. Mwaka 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, sisi Mtume (s.a.w.) alikwisha kutukataza zamani.

Wanafunzi na wazazi, mtu akikutajia dawa, muulize: inaponya ugonjwa gani, na nani ataumia? Inayomdhuru asiye na kosa si dawa, ni dhulma.

Wabillahi tawfiq.