Akili Iliyoshikwa na Deni

Wanachama wenzetu, yako maneno yasemwayo katika afisi ambayo yafaa kuangaliwa tena. Tarishi akisahau barua, huitwa mzembe. Kibarua akikosea kujaza hati, huitwa mjinga, naye huambiwa, "Njoo kesho."

Twataka neno hili lipimwe kwa ushahidi, si kwa mazoea. Mwaka 2013 wataalamu walitoa habari za wakulima 464 wa miwa katika Tamil Nadu, nchini India. Watu hao hupata fedha zao nyingi mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Walipewa mafumbo ya kupima akili kabla ya mavuno, hali madeni yamewakaba, wakapewa tena baada ya kulipwa. Mtu yule yule alijibu vibaya mara ya kwanza, na vizuri mara ya pili. Wala haisemeki kuwa ni majira yaliyomgeuza, kwa kuwa viwanda huwapangia wakulima zamu za kuvuna, huyu mapema na huyu baadaye. Je, mjinga alierevuka kwa miezi michache? Hasha. Akili ilikuwapo, ila ilikuwa kazini kwingine, ikihesabu deni.

Huko Odisha nako, mafundi washonao sahani za majani walilipwa kwa kadiri ya kazi. Baadhi yao walipewa sehemu ya ujira wao siku chache kabla ya wenzao. Kazi yao ilizidi karibu 7 katika kila 100, na makosa yakapungua. Ujira haukuongezwa, ulitangulizwa tu.

Karani asidhani kuwa hizi ni habari za wengine. Ajuaye tarehe 25 ya mwezi ajua jinsi safu moja ya hesabu ijumlishwavyo mara tatu, moyo ukiwa kwa mwenye nyumba na ada ya mtoto.

Tena asiye na fedha hulipa kwa saa zake. Hutembea mwenzake apandapo gari. Hununua unga kibaba kwa kibaba, na kila jioni hurudi dukani. Hungoja maji kwa zamu. Akifika dirishani petu amekwisha kutumia nusu ya siku. "Njoo kesho" kwetu ni maneno mawili, kwake ni ujira wa siku nzima, na pengine ni kazi yenyewe.

Basi twawaomba walio madirishani wamwambie mtu mara moja karatasi zote zitakiwazo, wala si moja leo na moja kesho. Maswali yasiyosomwa na yeyote (nayo ni mengi) yaondolewe katika hati. Dirisha moja lifunguliwe alfajiri kwa ajili ya vibarua. Na matarishi na wafagizi wapendao walipwe mshahara kwa nusu mbili katika mwezi. Watunza hazina watasema kuwa kazi ya vitabu itazidi. Itazidi kweli, lakini itamzidia mtu aliye na kiti na meza. Katibu ameombwa kuliweka shauri hili mbele ya mkutano ujao.