Kiti Chake Kipo Palepale

Kila Jumamosi jioni nakaa na mabinti 14 wa kanisani kwetu. Tunasoma Neno, halafu yanakuja maswali yao: wavulana, hedhi, mapenzi. Mwaka jana mmoja alipata mimba. Wazazi kadhaa wakaja juu, eti atolewe, atawaharibu wenzake. Nikawaambia, tukimfukuza, wenzake watajifunza kitu kimoja tu: kuficha. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni. Sasa darasani apokewe, kanisani afukuzwe? Amebaki. Akisoma, wenzake wanampokea mtoto kwa zamu. Na wewe mwenye binti, au unayemtarajia: akikwama, atamkimbilia nani kwanza? Mjibuni wawili nyumbani, leo.