BARAZA LA KARANI: Mtu wa Pili



Majuzi kijana mmoja alinijia ofisini, akaketi, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kijana huyu ni mwalimu msaidizi wa timu ya mpira ya shule, na huu ni mwaka wake wa nne. Yeye ndiye hujaza mipira upepo, ndiye huchora mistari ya uwanja, ndiye huwaamsha wachezaji alfajiri. Lakini timu ikishinda, asifiwaye ni mwalimu mkubwa. Akaniuliza, “Bwana karani, niache au ningoje?”

Sikumjibu mara moja. Nilimsimulia habari za watu wawili wa Marekani. Leo nakusimulia wewe habari hizo hizo, maana najua nyumbani mwako yumo mtu wa pili: pengine ni wewe mwenyewe, pengine ni mwanao.

Mchezo wenyewe ni mpira wa kikapu, uliobuniwa mwaka 1891 na mwalimu James Naismith katika mji wa Springfield. Huko Marekani timu za vyuo vikuu hutazamwa na maelfu ya watu, na mwalimu mkuu wa timu kubwa hujulikana kila mahali. Lakini nyuma yake wako wasaidizi. Hao ndio husafiri mbali kuwatafuta vijana hodari na kuketi na wazazi wao. Hao hutazama picha za michezo ya wapinzani mpaka usiku wa manane, humfundisha mchezaji mmoja mmoja namna ya kutupa, na huangalia kama anahudhuria masomo. Tena mkuu akifukuzwa, mara nyingi wasaidizi nao hufunga mizigo yao.

Na ujira je? Mwaka 1992 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kilianza kutumia sheria ya kwamba mmoja wa wasaidizi katika timu za vyuo vikubwa asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka. Wasaidizi hao hawakurusha mawe. Walipeleka shauri mahakamani wakashinda, na mwaka 1999 chama kilikubali kuwalipa jumla ya dola milioni 54.5. Kuvumilia ni jambo jema, lakini msaidizi naye ana watoto wa kulisha, na kudai haki si utovu wa adabu.

Sasa nije kwa watu wangu wawili. Wote walimsaidia mtu mmoja, Dean Smith, mwalimu mkuu katika Chuo Kikuu cha North Carolina.

Wa kwanza ni Roy Williams. Alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari, naye mwaka 1978 akakubali kuwa msaidizi kwa dola 2,700 tu kwa mwaka, hali ana mke na mtoto. Ili nyumba isilale njaa aliuza kalenda zenye picha za timu, na siku za Jumapili aliendesha gari mwendo mrefu kupeleka kanda za kipindi cha mwalimu wake kwenye vituo vya televisheni. Akavumilia miaka kumi. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Kansas kikamwita awe mwalimu mkuu, ingawa hakuwa amewahi kuongoza timu ya chuo. Akaenda. Mwaka 2003 alirudi North Carolina akiwa mkuu, akatwaa ubingwa wa nchi mwaka 2005, 2009 na 2017. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa ameshinda michezo 903.

Wa pili ni Bill Guthridge. Huyu alifika North Carolina mwaka 1967. Mwaka 1978 alipata kazi ya ukuu katika chuo cha Penn State, akaikubali, akafika hata uwanja wa ndege. Hapo hapo, akingoja kupanda ndege, akabadili nia akarudi kazini kwake. Hebu fikiri: watu wangapi walimwona mjinga siku ile! Akabaki msaidizi mpaka Oktoba 1997, jumla ya miaka thelathini, na timu ikatwaa ubingwa mara mbili, mwaka 1982 na 1993. Smith alipostaafu, Guthridge akapewa ukuu, umri wake miaka 60. Mwaka wake wa kwanza timu ilishinda mara 34, ikashindwa mara 4 tu, naye akatuzwa kuwa mwalimu bora wa mwaka. Katika miaka mitatu aliifikisha mara mbili kati ya timu nne za mwisho nchini, kisha mwaka 2000 akastaafu. Alifariki mwaka 2015, mwaka ule ule aliofariki Smith.

Wahenga wetu wamesema mvumilivu hula mbivu. Ni wao pia waliosema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mithali hizi mbili hazigombani, ila kila moja ina siku yake. Williams alikwenda kwa kuwa alikuwa amejifunza kazi na ameitwa. Guthridge alibaki, na kazi ya msaidizi aliifanya kama kazi kamili, wala si kama ngazi ya kukanyaga tu.

Wala usidhani ukuu ni raha tupu. Smith mwenyewe alifika North Carolina akiwa msaidizi, mwaka 1958. Baada ya kupewa ukuu, mwaka 1965 timu yake iliposhindwa, wanafunzi wa chuo chake walitengeneza sanamu yake wakaitundika mtini kama mtu aliyenyongwa. Msaidizi hatundikwi. Anayetamani kiti cha mbele na atazame pia mvua inayokinyeshea.

Kijana wangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Basi mimi ni yupi kati ya hao?” Nami nikamwuliza, “Je, umepata kumwambia mwalimu wako kwamba unatamani kuongoza timu siku moja?” Akainamisha kichwa. Miaka minne, hajasema neno! Nikamwambia aende kwanza akaseme. Huenda mkuu wake hajui. Huenda anajua, na hataki. Hapo naye atakuwa amepata jibu lake, na anaweza kutafuta mahali pengine bila kinyongo. Bado hajarudi kunieleza.

Nawe msomaji uliye mkuu, wa shule, wa duka, au wa nyumba, mtazame leo yule anayekushikia mzigo upande wa pili. Mlipe kwa wakati. Mfundishe kazi yote, wala usimfiche nusu. Na watu wakikusifu, mtaje jina lake mbele yao. Neno hilo moja halitakupunguzia kitu, na pengine ndilo litakalomzuia asipande basi kesho asubuhi kwa hasira.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wenu