Usifunge maksai wapya wote siku moja

Haya jamani, nimerudi kijiweni baada ya kimya kirefu. Nipo likizo nyumbani Bariadi, na leo umeme upo, kwa hiyo acha niandike fasta.

Juzi niliitwa kwenye maabara ya kompyuta ya shule moja (siitaji jina). Kompyuta 18, hazina diski, zote zinawaka kupitia mtandao. Ukibonyeza swichi, mashine inaomba anwani kwa seva, inapewa kerneli, kisha inafungua mafaili ya mfumo yaliyoko hukohuko kwenye seva. Yaani mfumo ni mmoja, wote wanakula sinia moja. Uzuri wake, ukirekebisha pale umerekebisha zote. Ubaya wake ni huohuo!

Jamaa anayeisimamia alitaka kutoka Debian 12 ya biti 32 kwenda Debian 13, iliyotoka Agosti 2025. Akafuta folda ya zamani, akaweka mpya ya biti 64 palepale, watoto wakiwa kwenye mashine. Zilizokuwa zimewaka zikaganda. Kuwasha upya, 7 zikagoma kabisa. Hizo ni za msaada, kuukuu, prosesa zake ni za biti 32, na Debian 13 haina tena kerneli ya kuwashia mashine hizo. Kidato cha nne wana mtihani wa vitendo wiki ijayo, na pa kurudi hakuna.

Kuna watakaosema, si bora asingebadilisha? Hapana wadau. Toleo lisilopata tena marekebisho ya usalama ni nyumba isiyo na komeo. Kosa si kubadilisha. Kosa ni kufuta njia ya kurudi.

Huku Usukumani hakuna mkulima anayefunga plau kwa maksai wapya watupu. Mpya anafungwa na mzoefu, analima kidogo, anaangaliwa. Klasta nayo ni hivyohivyo. Toleo jipya lipe folda yake, la zamani usiliguse. Kila kadi ya mtandao ina namba yake, basi kwenye mipangilio ya kuwashia elekeza namba moja tu kwenye mfumo mpya. Hakikisha kerneli na moduli zake ni za toleo moja, zikipishana mashine inaweza isiione hata kadi ya mtandao. Iache itumike wiki nzima. Ikitulia, ongeza 5, halafu zinazobaki. Ikigoma, unarudisha mstari mmoja, unawasha upya, somo linaendelea. Za biti 32 zibaki kwenye 12 hadi zipatiwe mbadala.

Utaniambia seva haina nafasi. Mfumo mmoja ni gigabaiti chache tu, sinema tatu nne ulizojaza humo zinazidi hapo!

Sisi tumekesha siku mbili kuijenga upya ile ya 12. Nakala ingekuwepo, zingekuwa dakika tano. Nawasilisha.