Picha za Kusomwa na Picha za Kutafutwa

Tangu janga la UVIKO-19 lilipohamishia masomo mtandaoni mwaka 2020, wanafunzi wa udaktari katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiulizwa maoni yao kuhusu ufundishaji wa radiolojia, yaani taaluma ya kutambua maradhi kwa picha za ndani ya mwili, na majibu yao hufanana: husifu mhadhara wa mtandaoni kwa kuwa waweza kusimamishwa na kurudiwa, hulalamikia upweke wa skrini, kisha wengi huomba mchanganyiko wa njia zote mbili. Kitivo kinachoyasoma majibu hayo kama kura, kikagawa ratiba nusu kwa nusu, kinakosea, kwa sababu kinachopaswa kugawanywa si saa bali aina za picha.

Mfano mzuri ni eksirei ya kifua yenye numothoraksi, hali ambayo hewa huvuja na kujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua. Dalili yake mara nyingi ni mstari mweupe, mwembamba mno, karibu na ncha ya juu ya pafu, ambao nje yake hakuna tena vivuli vya mishipa ya damu. Katika ukumbi uliofurika, wenye projekta iliyochoka na madirisha yasiyo na mapazia, aliyeketi nyuma hauoni mstari huo hata mhadhiri akiuonyesha kwa fimbo. Kwenye kompyuta iliyo karibu na macho yake anauona, ilimradi ametumiwa faili kamili ya picha, maana matangazo ya video hubana picha ili kupunguza matumizi ya intaneti, na vitu vyembamba ndivyo vinavyofifia kwanza. (Wanaofuata somo kwa simu na bando la kuungaunga wanalijua hilo kuliko walimu wao.)

CT skani, kipimo kinachoonyesha mwili vipande kwa vipande, hudai zaidi. Kifua peke yake chaweza kutoa mamia ya vipande, na wiani wa tishu hupimwa kwa skeli ya Hounsfield, ambayo maji ni 0 na hewa ni -1,000, ilhali skrini ya kawaida huonyesha viwango 256 tu vya kijivu. Kwa hiyo msomaji hubadili “dirisha”, yaani huchagua sehemu ya skeli itakayoonekana, moja kwa mapafu na jingine kwa mifupa. Slaidi iliyoganda haifundishi ujuzi huo, iwe ukumbini au mtandaoni. Mwanafunzi huupata kwa kuvipitia vipande mwenyewe, na hazina huria kama Radiopaedia, iliyoanzishwa Australia mwaka 2005, humwezesha kufanya hivyo akiwa popote.

Ultrasaundi ni kinyume chake, kwani picha haipo mpaka mkono uitafute: proba ikiinama kidogo figo hupotea, gesi ya utumbo huziba kongosho, na hakuna video inayofundisha namna ya kukandamiza tumbo la mgonjwa anayeumwa. Tena hicho ndicho kipimo ambacho daktari mchanga aliyepangiwa hospitali ya wilaya atakitumia mapema zaidi kuliko CT skani. Saa zinazookolewa kwa kuondoa mihadhara ukumbini zingepaswa kupelekwa huko, kwa makundi ya wanafunzi watano au sita kwenye mashine moja, mpango utakaohitaji wakufunzi wengi zaidi, si wachache, na hapo ndipo hamasa ya vitivo kuhusu mtandao itakapopimwa.