Umeimaliza Riwaya? Tuambie

Ndani ya basi la Tanga kwenda Dar es Salaam nilikuwa nimepakata riwaya ya Peponi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekaa dirishani, alinitupia jicho tangu Muheza, na tulipofika Segera akashindwa kuvumilia: "Mwanangu, mtihani wako lini?" Nikamwambia sina mtihani, nasoma tu. Akauliza swali ambalo darasani sikupata kuulizwa hata mara moja: "Sasa kinasema nini, hata usingizi haukushiki?"

Nikamsimulia. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao na tajiri Aziz, mtu anayemjua kama ami yake. Kumbe baba mtu ana deni, na mtoto ndiye rehani. Mama akaguna. "Na mamake je, alinyamaza?" Tukazungumza mpaka Msata, aliposhuka na vikapu vyake.

Tangu siku ile nina ombi kwako, ndugu msomaji. Ukimaliza riwaya, usiifunge ukanyamaza. Tuambie umeionaje.

Nianze mwenyewe. Abdulrazak Gurnah aliiandika Peponi kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel. Safari ya msafara kwenda bara ilinichosha mahali. Mara mbili nilikiweka kitabu chini. Lakini pale dukani kwa Aziz, Khalil, kijana anayefanya kazi na Yusuf, anapomkaripia kwamba Aziz si ami yake, nilishikwa na baridi. Kwetu ami ni baba. Mtu akivuliwa neno hilo mbele ya mtoto, mtoto anabaki hana pa kushika, na sidhani kama msomaji wa lugha nyingine analisikia pigo lile kama tunavyolisikia sisi. Mwisho wa kitabu sitausema. Ila nimeukasirikia, na ningependa kubishana na mtu aliyeuridhia.

Maoni kama hayo ndiyo tunayoyakosa. Wengi wetu tulifundishwa kuisoma riwaya kwa ajili ya karatasi ya mtihani: fani na maudhui, dhamira, sifa tano za mhusika mkuu. Chukua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, au Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya zilizotahiniwa Kenya miaka mingi. Vijana waliozipitia wanaweza kukutajia dhamira zote bila kukwama. Waulize ni ukurasa gani uliwaliza, wanakutazama kama umewauliza jambo lisilokuwemo kwenye mwongozo.

Mimi Kidagaa naipenda kwa ajili ya mswada. Amani anaibiwa kazi ya mikono yake na Mwalimu Majisifu, ambaye anaichapisha kwa jina lake mwenyewe. Kila aliyewahi kuandika chochote atasoma sehemu hiyo na donge kooni. Majina lakini yananisumbua. Mtu akiitwa Nasaba Bora au Majisifu, nimeshamhukumu kabla hajafungua mdomo, na ningetaka nimgundue mwenyewe. Chozi la Heri nayo inafungua kwa Ridhaa akiwa kwenye magofu ya nyumba iliyoteketea na watu wake ndani, mkono wa jirani ukiwamo. Ni ufunguzi mzito, wa kweli kabisa kwa yeyote anayeikumbuka Kenya baada ya uchaguzi wa 2007. Baadaye kitabu kinabeba kila dhuluma ya nchi, moja juu ya nyingine, na naona mzigo unazidi. Natamani mwandishi angemwacha Ridhaa na majivu yake kurasa kumi zaidi.

Huenda nimekosea. Basi nikosoe! Rafiki yangu aliitupa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed kwa sababu haamini mizuka. Mimi sijasoma riwaya nyingine inayomshitaki mkubwa wa serikali kwa ukali kama ule, kwa kumtoa babu yake kaburini aje kumtembeza. Tumebishana mwaka mzima, na kila mmoja wetu amelazimika kuirudia.

Tuzo tunazo. Kuna ile iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zimewatoa waandishi ambao tusingewajua, nazishukuru kwa moyo wote. Lakini majaji ni wachache. Mwandishi wa Kiswahili anahitaji pia kusikia kwamba mtu fulani wa Korogwe alikesha na kitabu chake, au kwamba alichoka kwenye sura ya nne na kwa nini. Duka la vitabu nalo linahitaji kuulizwa. Katika duka moja niliomba riwaya mpya, nikaelekezwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya vitabu vya kiada. Muuzaji hakuwa na kosa. Alisema mimi ni wa kwanza kuuliza mwezi ule. Tukiwa watu kumi tunaouliza, rafu itapanda.

Kwa hiyo azimisha kitabu chako, ila kwa sharti la kusimuliwa. Barazani, baada ya mpira kuzungumzwa, tia habari ya Yusuf. Mwanao akirudi na riwaya ya shule, muulize kamchukia nani humo. Usingoje uwe mtaalamu wa fasihi. Yule mama wa dirishani hakuwa na kitabu mkononi, na swali lake kuhusu mama wa Yusuf bado ninatembea nalo.

Aliposhuka Msata alinigeukia kutoka mlangoni, kondakta akimhimiza: "Huyo mtoto, walimkomboa?" Basi likaondoka kabla sijamjibu. Nakala yangu ipo, imechakaa kidogo pembeni. Anayeitaka aje aichukue, na akikutana na mama mwenye vikapu viwili njia ya Msata, amwambie yeye alivyouona mwisho ule.